Gen Z wa Kenya: ni simu iliyowaumba?

Tangu Juni 2024 wimbo ni ule ule: vijana waliofurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, ni zao la simu, TikTok na X ndizo zilizowatia ujasiri. Mimi nakataa.

Simu ilisaidia. Mswada ulifafanuliwa kwa lugha za mama, na michango ya majeruhi ikapitia M-Pesa. Lakini wazazi wao wana simu hizo hizo, na wengi wao walibaki nyumbani.

Hebu tuhesabu umri. Gen Z huanza na waliozaliwa 1997 hivi. Aliyezaliwa mwaka huo alikuwa na miaka 5 au 6 serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, Januari 2003. Madarasa yalifurika, walimu hawakutosha (hilo nalo wanalikumbuka). Agosti 2010 Katiba mpya ikazinduliwa wakiwa bado wanafunzi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Aliyekulia enzi ya Nyayo, yaani utawala wa Rais Moi, anayaona maandamano kama kosa ambalo serikali huamua kulivumilia. Mwanawe anaona haki iliyoandikwa. Tofauti yao naiona hapo.

Kuna watakaonikumbusha Saba Saba, 7 Julai 1990. Ni kweli, watu walikufa wakidai vyama vingi, na Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Ila mkutano wa siku hiyo uwanjani Kamukunji, Nairobi, uliitwa na mawaziri wa zamani Matiba na Rubia, na wote wawili walitiwa kizuizini siku chache kabla. Mwaka 2024 hapakuwa na wa kukamatwa mapema ili mambo yazimike. Ndipo tukaanza kusikia vijana wakitekwa mmoja mmoja.

Kukosa kiongozi kuliwagharimu pia. Rais Ruto alikataa kutia saini mswada, kisha Julai akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Nafasi zilizobaki wazi zikawafikia hata vigogo wa ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga, na Hazina ya Taifa ikaenda kwa John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho! Vijana hawakuwa na mtu mezani.

Kuhusu kaulimbiu yao ya “bila kabila”, nina shaka. Barabarani ni rahisi, debeni hatujaona.

Sasa anayeshikilia kwamba ni simu tu, ajibu hoja ya 2003 na 2010. Na nyinyi Gen Z wenyewe: mkiitwa kwenye mazungumzo kesho, nani ataenda, na mtamwacha aongee?