Mvua iingie kwenye mchezo wa vita, ndiyo au hapana?

Ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingineko, kuna suala limetugawa sisi tunaocheza pamoja jioni. Watengenezaji wa ule mchezo wetu wa mtandaoni, wa kuteka miji na kulinda madaraja, wanauliza wachezaji kama waongeze hali ya hewa: mvua, ukungu, theluji, upepo. Wapo wanaoisubiri kwa hamu, wapo wanaosema itaharibu kila kitu. Mimi nasema iingie, ila sharti langu la kwanza silegezi: mvua isije kwa kushtukiza.

Yaya mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kaka ambaye kwa mchezo huu hatumfikii, anapinga. Anasema ukipanga mashambulizi saa nzima, halafu mvua ikazamisha vifaru vyako kwenye matope, aliyekushinda si adui, ni bahati. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kupoteza mechi aliyostahili kushinda.

Lakini nani kasema mvua lazima iwe bahati? Battle for Wesnoth, mchezo wa bure uliotoka mwaka 2003, una mchana na usiku. Askari wa mchana hupiga kwa asilimia 25 zaidi jua likiwaka, na giza likiingia hupungukiwa kiasi hicho hicho. Askari wa usiku ni kinyume. Zamu hizo zinajulikana tangu mwanzo, kwa hiyo mtu anarudisha kikosi nyuma kabla ya jua kuzama na kumwacha mwenzake ajitokeze. Mvua nayo itangazwe mapema, pande zote mbili zione wingu lile lile kwenye ramani. Hapo atakayezama, amezama kwa kutojali.

Na vita vya kweli navyo vilifuata hali ya hewa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, yaliondoka Kivu Aprili 1916 kupigana na Wajerumani na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba, sehemu kubwa ya safari ikiwa kiangazi. Mapema mwaka 1917 mvua kubwa zikapiga bonde la Rufiji, jeshi la Waingereza likakwama, na wapagazi Waafrika ndio walioumia zaidi. Kule Waterloo, Juni 1815, Napoleon alichelewesha shambulio mpaka karibu saa sita mchana akingoja ardhi ikauke. Alasiri Waprusi wakaanza kufika kuwasaidia adui zake, naye akashindwa.

Sasa tuangalie ardhi yenyewe, maana hapa ndipo michezo mingi inapokosea: mvua ikianza kila kitu kinakwama, ikiacha kila kitu kinakimbia. Anayeishi Katuba, komini nyingine ya hapa kwetu, anajua sivyo. Kiangazi chetu ni Mei hadi Septemba. Mvua ya kwanza baada yake haileti matope. Udongo mwekundu unainywa yote na vumbi linatulia. Zikipita mvua tatu nne, gurudumu linaanza kuzama. Jua likiwaka nusu siku, juu panakuwa pagumu na chini bado ni uji, na lori linalojiamini ndilo linalonasa. Mchezo ukifuata hivyo, ardhi ikikumbuka mvua iliyopita, barabara ya lami inakuwa kitu cha kupigania. Leo kwenye ramani yetu hakuna anayeilinda, kwa sababu kukatiza porini ni haraka vile vile.

Wengine wanaogopa mvua itamaliza mega za intaneti. Michezo mingi ya vita ya papo kwa papo haitumi picha, inatuma amri tu, na kila mashine inapiga hesabu zile zile yenyewe. Mvua inaweza kutokana na namba moja inayotumwa mwanzoni mwa mechi, kisha kila simu ikapata mvua ile ile, sekunde ile ile. Kila simu ikijitungia yake, mechi inavunjika: kwangu kifaru kimenasa, kwako kimeshavuka daraja.

Hofu ya simu kuchemka ni ya kweli zaidi. Kuchora maelfu ya matone kunamaliza chaji, na umeme wetu mnaujua. Basi pawe na kitufe cha kuzima matone. Ila angalieni mtego: kama ukungu ni mchoro tu, aliyeuzima anamwona adui na aliyeuacha haoni. Huo ni wizi. Ukungu uwe kwenye kanuni za mchezo: kikosi kilicho mbali kisionekane kabisa, uwe umewasha michoro au umeizima.

Theluji na upepo vinaweza kungoja.

Kilichobaki ni muda wa onyo. Yaya wa Kenya anasema akikubali, atataka dakika kumi. Kwa mechi ya dakika arobaini naona ni nyingi mno, kila mtu atajificha mjini na vita vitalala. Mimi nataka tano. Nyinyi mnasemaje?