Pua iliyopinda baada ya operesheni ya kwanza: kupitia ndani, kufungua kwa nje au silikoni?

Mkazi_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alianguka na bodaboda pale Buzuruga, pua ikavunjika, akafanyiwa operesheni. Sasa mwaka umepita na ushee: mgongo wa pua umebonyea katikati, ncha inaelekea kushoto na tundu la kushoto halipitishi hewa, usiku analala mdomo wazi. Daktari mmoja anasema atarekebisha kupitia ndani ya matundu, bila kovu la nje. Mwingine anataka kufungua kwa nje na kuchukua gegedu (ule mfupa laini) la ubavuni. Kuna na jamaa wa Dar anayesema awekewe kipande bandia cha silikoni, yaishe. Dogo ana miaka 24. Mama akisikia habari za ubavu halali. Wenye uzoefu naomba mnilinganishie.

Binti_Kirumba: Pole kaka, na mama mpe pole. Mimi nilifunguliwa kwa nje. Chale inapita kwenye kile kinyama chembamba kinachotenganisha matundu mawili, uso mwingine hauguswi. Kovu langu hulioni mpaka niinue kichwa juu kabisa. Kilichonisumbua ni ncha: ilikufa ganzi kwa miezi, na uvimbe wake ulikuwa wa mwisho kuisha.

Mzee_Sengerema: Si kila pua lazima ifunguliwe. Kijana wangu alikuwa na nundu tu, wakapitia ndani, akapona haraka.

Tabibu_Kanda_ya_Ziwa: Mzee yuko sahihi kwa pua ya namna hiyo. Mimi niko upande wa masikio, pua na koo. Njia ya ndani inafaa kupunguza nundu au kunyoosha pua ambayo haijawahi kuguswa, na uvimbe wake huwahi kuisha. Ila daktari anafanyia kazi kwenye uwazi mdogo, na pua iliyokwisha kupasuliwa ina makovu, tabaka zimegandana. Mgongo ukibonyea, ncha ikipinda na hewa ikaziba kwa pamoja, wengi wetu tunafungua kwa nje, tuyaone magegedu ya kulia na kushoto kwa wakati mmoja na kushona kipandikizi, yaani kipande cha gegedu cha kuongezea, pale pale kinapotakiwa.

Ila mnabishania kovu wakati swali zito ni gegedu litatoka wapi. Chaguo la kwanza huwa ukuta wa kati wa pua yenyewe. Wa mdogo wako ulishavunjika, na huenda sehemu ilikatwa. Hata ukiwa mzima, lazima tubakize fremu ya umbo la L yenye upana wa kama sentimita 1 juu na mbele, la sivyo pua inabonyea tena. Gegedu la sikio ni laini na limejikunja: zuri kwa ncha na kingo za matundu, haliwezi kubeba mgongo mzima. La ubavu ni imara na linapatikana la kutosha. Kasoro zake ni kwamba linaweza kupinda baadaye, kifua kinauma siku za mwanzo, na ipo hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Kwa miaka 24 bado linachongeka vizuri. Kwa watu wazima sana linaanza kugeuka mfupa.

Nyegezi_Kwetu: Silikoni muikimbie. Binamu yangu aliwekewa, ngozi ya ncha ikaanza kung'aa na kuwa nyembamba, mwisho ikatoboka. Ilibidi itolewe.

Tabibu_Kanda_ya_Ziwa: Wapo wanaokaa nayo miaka bila shida, lakini kwenye ngozi yenye makovu hatari ya kutoboka au kutunga usaha inapanda. Tena inainua mgongo tu, hewa haifungui.

Mkazi_Igoma: Na keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, je? Kwetu ni ya ukoo.

Tabibu_Kanda_ya_Ziwa: Kwenye kile kinyama cha pua ni nadra. Kifuani na sikioni ndiko inakopenda, kwa hiyo mwambie daktari mapema, maana inaweza kubadilisha uamuzi wa wapi pa kuchukua gegedu. Mkienda kliniki Bugando au popote mtakapochagua, bebeni ripoti ya operesheni ya kwanza na picha za CT. Sigara na ugoro aache wiki kadhaa kabla, vinabana damu isifike kwenye ngozi.

Jambo moja mlifanye leo. Aweke vidole viwili kwenye shavu la kushoto, karibu na pua, avute taratibu kuelekea sikioni huku akivuta hewa na mdomo umefungwa.

Mkazi_Igoma: Nimemjaribisha sasa hivi. Akivuta shavu hewa inapita, akiachia inaziba.

Tabibu_Kanda_ya_Ziwa: Basi inaelekea ile njia nyembamba ya hewa iliyo juu ya tundu imelegea. Kunyoosha ukuta peke yake huenda kusitoshe; patahitajika vipande vya gegedu vya kuitanua, vishonwe pande mbili za ukuta chini ya mgongo. Muulize kila daktari atavitoa wapi na atavishikiza vipi. Yule wa njia ya ndani akiwa na jibu linaloeleweka, msikilizeni pia.

Binti_Kirumba: Kaka, na mama aingie naye chumba cha daktari, habari ya ubavu aisikie mwenyewe.