Naomba ushauri: ThinkPad ya zamani niiwekee SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) au ninunue nyingine?

Habari zenu wakuu. Niko Kigoma, hapa Mwanga, nina kisteshenari changu na laptop ninayotumia ni ThinkPad T430, zile za 2012, RAM 8 na hadidiski ya 500GB. Inanitesa jamani, naiwasha asubuhi, nafagia, namwagia maji mlangoni vumbi litulie, narudi kiduara bado kinazunguka na mteja kasimama na flashi mkononi anataka kuprinti barua tu. Nikicheki Task Manager diski iko asilimia 100 ila prosesa haifiki hata 20, ndo maana nahisi shida ni diski sio mashine. Fundi mmoja kaniambia niuze tu, moyo unakataa, hii ndo imenisomeshea mdogo wangu.

Najua inakula SSD ya SATA (aina ya kiungio cha diski) ya inchi 2.5, unene milimita 7, zile SSD za aina mpya zinazoitwa NVMe haziingii. Sasa 240GB inatosha au niende 480? Na niklone ya zamani, yaani nihamishe kila kitu kama kilivyo, au nipige Windows upya, maana kuna faili za wateja sitaki zipotee kabisa. Na mlioagiza Kariakoo ikaja na basi, mlijuaje sio feki kabla ya kulipa?