Nati ya hab ya nyuma inalegea kila saa, Defender 110

kiserian_4x4
Wadau habari zenu. Niko na Land Rover Defender 110 ya zamani, ile ya nati mbili kwa hab (kitovu cha tairi) na washa ya kukunja katikati. Tairi ya nyuma kushoto kila nikitoka Magadi nikapita ile njia ya Shompole lazima ilegee, nikipiga jeki nashika tairi juu na chini inacheza, na sai oil imeanza kuingia kwa breki. Fundi anakaza, inakaa kidogo, inarudi palepale. Sasa anataka tuchomelee nati. Kulia haijawahi kusumbua, na barabara ni hiyohiyo.

mzee_spana
Usikubali kuchomelea!! Siku beringi ikiisha utaitoa aje? Huyo fundi anakaza na nini, patasi na nyundo? Itisha spana boksi ya milimita 52, Kirinyaga Road hapo Nairobi zimejaa.
Kushoto kulegea si maajabu. Nati zote zinakazwa kwa kulia, na gari ikienda mbele tairi ya kushoto inazunguka upande wa kufungua nati, ringi ya ndani ya beringi ikianza kuzunguka na hab inaburuta nati nayo. Kulia inaikaza. Ndio maana kuna ile washa nene yenye kajino kanaingia kwa mfereji wa stabu eksel (ule mhimili hab inazungukia), kazi yake ni kuzuia nati isiburutwe. Angalia hako kajino kwanza kabla ununue kitu kingine.

dereva_wa_safari
Weka Loctite nyekundu, ile gundi ya thredi, umalize maneno

mzee_spana
@dereva_wa_safari kwa thredi imejaa oil itashika nini? Na ile nyekundu kufungua ni mpaka moto, hapo karibu na sili ya kuzuia oil. Tena hii nati inashikilia beringi, si ya kukaza tu mpaka mwisho. Nati ya ndani unakaza ukizungusha hab ndio beringi ikae, unarudisha nyuma, unakaza tena kidogo tu. Washa ya kukunja MPYA, ile ya zamani ukiikunja mara ya pili inakatika. Nati ya nje sasa ndio ya nguvu, halafu pima tena kama tairi inacheza kabla ukunje, kwa sababu nati ya nje ikikazwa inasukuma ya ndani. Kunja washa upande mmoja kwa nati ya ndani, mwingine kwa ya nje.

kiserian_4x4
Asante mzee. Nimefungua leo, kajino hakako kabisa, kamesagika na vipande viko ndani ya grisi, na stabu eksel pale beringi inakaa imechimbika hadi kucha inakwama ukipitisha. Hiyo inatengenezeka ama?

mzee_spana
Hapo hakuna kukaza. Tafuta stabu nyingine, beringi zote mbili, sili, na viatu vya breki kama vimelowa oil.