Naomba ushauri: wabobezi gani wa uhasibu na uwajibikaji niwapeleke mbele ya bodi isiyo ya wahasibu?

Leja Kuu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninafanya kazi katika idara ya uhasibu ya taasisi ya umma inayohama kutoka hesabu za fedha taslimu kwenda hesabu za malimbikizo (zinazoandika mapato, gharama na madeni yanapotokea, hata kabla fedha haijalipwa), na nimekabidhiwa kuandaa semina ya siku moja kwa wajumbe wa bodi. Wengi wao ni wanasheria, wahandisi na walimu, watu makini wenye uzoefu mkubwa, ila hesabu za aina hii ni ngeni kwao. Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja aliweka kidole kwenye mstari wa likizo zilizolimbikizwa, akauliza ni nani anayetudai fedha hizo na barua yake ya madai iko wapi. Nilipomweleza kwamba ni haki za watumishi wetu wenyewe ambazo bado hawajazichukua, alisema hilo si deni bali ni suala la utumishi, tukaendelea na ajenda nyingine.

Uongozi unataka semina ijengwe juu ya watu waliounda fikra za fani hii, isiwe ya kusoma vifungu vya viwango tu. Nimeandaa orodha: David Tweedie, Ian Ball, Prem Sikka, Mervyn King na Mary Barth. Tatizo ni kwamba kadiri ninavyowasoma ndivyo ninavyoona wanapingana. Nikimtanguliza Tweedie, aliyeongoza uandishi wa viwango vya kimataifa, nahofia wajumbe watadhani viwango ni shughuli ya makampuni yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa. Nikimtanguliza Sikka, mkosoaji wa mfumo wa ukaguzi, nahofia watatoka wakiamini kwamba kila mkaguzi amenunuliwa. Naomba mnishauri nani aanze, nani aachwe, na kama yupo mtu muhimu niliyemsahau.

Mkaguzi Mstaafu

Mkuu, anza na Ian Ball bila kusita. Alikuwa miongoni mwa waliosanifu mageuzi ya fedha za umma ya New Zealand akiwa Hazina ya nchi hiyo, na baadaye akawa mtendaji mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Wahasibu. Sheria ya Fedha za Umma ya New Zealand ilipitishwa mwaka 1989, na mapema miaka ya 1990 serikali hiyo ikatoa hesabu za malimbikizo za serikali nzima, kabla ya nchi nyingine yoyote. Mizania ya kwanza, yaani taarifa ya mali na madeni, ilionyesha madeni yakizidi mali. Hapo ndipo somo la wajumbe wako lilipo: madeni yale hayakuzaliwa siku mizania ilipochapishwa. Yalikuwapo miaka yote, hususan ahadi za mafao ya watumishi, ila hapakuwa na ukurasa wowote uliowalazimu mawaziri kuyatazama. Yule mjumbe wa likizo akisikia habari hiyo atapata jibu lake bila wewe kumbishia.

Hoja ya Ball ambayo ameirudia kwa miaka mingi ni kwamba serikali zinajadili bajeti ya mwaka mmoja kwa makelele mengi na kuacha kuuliza zinamiliki nini, zinadaiwa nini, na tofauti kati ya hivyo viwili inaelekea wapi. Kwa bodi yenu swali ni hilo hilo.

Uliyemsahau si mtu, ni waraka. Asasi kuu za ukaguzi duniani zilianzisha umoja wao, INTOSAI, mjini Havana mwaka 1953, na mwaka 1977 zikapitisha Azimio la Lima. Msimamo wake ni kwamba asasi ya ukaguzi haiwezi kutimiza kazi yake kwa haki isipokuwa iwe huru dhidi ya yule inayemkagua na ilindwe dhidi ya shinikizo la nje. Wanasheria wako watalielewa azimio hilo haraka kuliko sisi wahasibu.

Mizania

Nakubaliana na Mkaguzi Mstaafu kuhusu kuanza na Ball, lakini usimwache Tweedie, kwa sababu ndiye anayefahamika upesi zaidi kwa mtu asiye mhasibu. Aliongoza bodi ya viwango ya Uingereza katika miaka ya 1990, kisha akawa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu, IASB, kuanzia 2001 hadi 2011. Alizoea kusema kwamba anatamani, kabla hajafa, apande ndege iliyomo kwenye mizania ya shirika la ndege. Watu walicheka, lakini jambo lenyewe lilikuwa zito. Mikataba ya kukodi iligawanywa makundi mawili, na wanasheria wa makampuni walikuwa wakiiandika ili ikwepe kwa unywele lile kundi linaloingizwa kwenye mizania. Shirika likarusha ndege kwa miaka mingi, likabanwa na mkataba usiovunjika kirahisi, na bado msomaji wa hesabu asione ndege wala deni, isipokuwa amefungua maelezo ya nyuma na kuyapigia hesabu mwenyewe.

Kiwango kilichomaliza mtindo huo, IFRS 16, kilitolewa Januari 2016 na kuanza kutumika Januari 2019, yaani miaka kadhaa baada ya Tweedie kuondoka. Sekta ya umma, yenye viwango vyake vya kimataifa vya uhasibu viitwavyo IPSAS, ilipata cha kwake, IPSAS 43, kilichotolewa 2022 na kuanza kutumika 2025. Kama taasisi yako imepanga ofisi au imekodi magari kwa mkataba wa miaka kadhaa, chukua mkataba mmoja halisi, uweke mezani, waulize wajumbe kama wanaona deni ndani yake. Hofu yako kwamba Tweedie ni wa makampuni pekee itaishia hapo.

Jambo jingine la kiutendaji: IPSAS 33 inawapa wanaohamia malimbikizo kwa mara ya kwanza unafuu wa hadi miaka 3 wa kutambua na kupima baadhi ya mali na madeni. Wajumbe walijue hilo mapema, la sivyo watakuuliza kwa nini ardhi au majengo hayaonekani mwaka wa kwanza kisha yakajitokeza mwaka wa tatu.

Mary Barth ningemwacha, pamoja na heshima zote. Ni profesa mstaafu wa Stanford, alikuwa mjumbe wa IASB kuanzia 2001 hadi 2009, na utafiti wake kuhusu namna wawekezaji wanavyotumia thamani za soko ni wa kiwango cha juu. Lakini nyingi ya mali zenu hazina soko. Ndiyo maana IPSAS 46 ya mwaka 2023 ilileta kipimo chake kwa mali zinazotumika kutoa huduma, kinachotazama gharama ya sasa ya uwezo uliobaki wa mali hiyo, bila kujali mnunuzi angelipa ngapi. Mjadala huo uwe wa siku nyingine.

Nukta ya Desimali

Wachangiaji waliotangulia wameeleza vizuri, ila wanampa mleta mada picha safi kupita kiasi, kana kwamba viwango huandikwa na watu wenye hekima waliojifungia chumbani na kutoka na ukweli. Mweke Stephen Zeff kwenye orodha. Ni mwanahistoria wa uandishi wa viwango aliyefundisha Chuo Kikuu cha Rice, na mwaka 1978 aliandika makala iliyoonyesha jinsi makampuni na serikali zilivyokuwa zikipinga viwango kwa sababu ya matokeo yake ya kiuchumi, hata pale ambapo hapakuwa na kosa la kihasibu.

Mfano wa kutosha ni malipo ya hisa kwa watendaji nchini Marekani. Bodi ya viwango ya huko, FASB, ilipendekeza mwaka 1993 kwamba haki za kununua hisa wanazopewa watendaji zihesabiwe kuwa gharama. Makampuni yalipiga kelele, hasa ya teknolojia, na mwaka 1994 Baraza la Seneti likapitisha azimio la kupinga kwa kura 88 dhidi ya 9. Mwaka 1995 bodi ikarudi nyuma na kuruhusu kiasi hicho kitajwe kwenye maelezo tu. Makampuni makubwa ya huko yakaanguka kwa kashfa za hesabu, Enron 2001 na WorldCom ya simu 2002, upepo ukageuka, na mwaka 2004 FASB na IASB zote zikalazimisha kiingizwe kuwa gharama. Hoja za kihasibu za 1993 na za 2004 zilikuwa zile zile.

Hata Tweedie yalimkuta. Oktoba 2008, katikati ya msukosuko wa mabenki, bodi yake ilibanwa na viongozi wa Ulaya, ikabadilisha kiwango cha mali za kifedha bila kupitia utaratibu wa kawaida wa kuomba maoni ya umma. Wajumbe wa bodi yoyote, iwe ya viwango au ya taasisi, wanapaswa kujua kwamba shinikizo huja siku ile ambayo namba zinaumiza.

Leja Kuu (mleta mada)

Nawashukuru sana. Hadithi ya Seneti nitaitumia, maana tuna wanasheria watakaoipenda. Lakini bado sijapata jibu kuhusu Sikka. Mkurugenzi wangu ameliona jina lake kwenye rasimu na kuniuliza kama nataka kuwagombanisha wajumbe na wakaguzi wa nje.

Mwalimu wa Hesabu za Umma

Ndugu mleta mada, mkurugenzi ana sababu ya kuuliza, ila nisingemwondoa Sikka. Ni mhasibu aliyesomea kazi hiyo, profesa mstaafu wa Essex, na tangu 2020 ni mjumbe wa Baraza la Malodi la Uingereza. Shutuma yake kuu kwa mfumo wa ukaguzi wa makampuni ni kwamba anayekaguliwa ndiye anayemchagua mkaguzi kwa vitendo na ndiye anayemlipa, na kwamba kampuni chache kubwa zimetawala kazi hiyo. Historia haijamkanusha: Wirecard, kampuni ya huduma za malipo ya Ujerumani, ilianguka Juni 2020 baada ya kukiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizomo kwenye vitabu vyake huenda hazikuwahi kuwapo, na hesabu zake za miaka iliyotangulia zilikuwa na hati safi za wakaguzi.

Tofautisha hapo. Kama ninyi ni taasisi ya umma, yaelekea mkaguzi wenu wa nje anawekwa na sheria wala si chaguo la menejimenti, kwa hiyo shutuma ya Sikka haiwaangukii moja kwa moja. Inageuka kuwa swali ambalo Azimio la Lima linajaribu kulijibu: bajeti ya mkaguzi inapangwa na nani, anaweza kuondolewa na nani, na ripoti yake inamfikia nani kwanza. Ukimweka Sikka mara baada ya Lima, hakuna atakayegombana na mtu.

Sasa naomba niongeze jina ambalo kwangu lina uzito kuliko yote yaliyotajwa, la Cynthia Cooper. Hakuandika kiwango chochote. Alikuwa mkuu wa ukaguzi wa ndani wa WorldCom, na mwaka 2002 yeye na wenzake wawili-watatu waligundua kwamba ada ambazo kampuni ilikuwa ikilipa kutumia mitandao ya simu ya makampuni mengine, gharama ya kawaida ya kila mwezi, zilikuwa zikihamishwa kwenye leja na kuandikwa kuwa mali za kudumu. Gharama ikishakuwa mali, haili faida ya mwaka huu. Inagawanywa kidogo kidogo kama uchakavu kwa miaka ijayo. Kiasi kilichotangazwa mwanzo kilikuwa dola bilioni 3.8, na uchunguzi ukakifikisha hadi takriban dola bilioni 11. Sehemu ya kazi hiyo waliifanya usiku, wasionekane na wakubwa wao.

Kwa nini wajumbe wako wamsikie? Kwa sababu kila mtu anawauzia malimbikizo kama dawa, na ni kweli yanaonyesha mengi kuliko daftari la fedha taslimu, lakini pia yanaingiza makadirio: maisha ya jengo, deni litakalolipika, gharama ipi ni matengenezo na ipi ni uboreshaji wa mali. Kila kadirio ni mahali ambapo mtu mwenye nia mbaya anaweza kusimama. Kwenye fedha taslimu, WorldCom wasingeweza kufanya hila ile kwa namna ile. Bodi inayohamia malimbikizo bila kuimarisha ukaguzi wa ndani inafungua mlango na kusahau kuweka mlinzi.

Mervyn King mpe nafasi fupi tu mwishoni. Alikuwa jaji wa Afrika Kusini, si mhasibu, na ripoti zake za uongozi wa taasisi, kuanzia ile ya 1994 hadi ya nne ya 2016, zinaitaka bodi ieleze jinsi inavyotekeleza kanuni badala ya kuweka alama ya vema kwenye orodha. Wanasheria watamsikiliza jaji mwenzao.

Mizania

Nyongeza ndogo kwa mleta mada. IASB hutoa pamoja na viwango vyake maelezo ya sababu za uamuzi, na pale ambapo mjumbe amepinga, hoja zake huchapishwa humo humo. Chagua kipande kifupi cha upinzani wa namna hiyo, ukitafsiri, ukigawe kabla ya chakula cha mchana. Wajumbe wakishaona kwamba waandishi wa viwango wenyewe wanapingana kwa maandishi na kwa heshima, hawatashangaa wakisikia Tweedie na Sikka hawakubaliani.

Leja Kuu (mleta mada)

Basi nimepanga hivi: Ball na mizania ya New Zealand asubuhi, nikimjibu mjumbe wa likizo hapo hapo, Tweedie na mkataba wetu mmoja wa pango, kipande cha upinzani, kisha Lima na Sikka pamoja, na mchana Cooper, huku mkaguzi wetu wa ndani akiwa chumbani. King atafunga. Zeff nitamtumia kama jibu iwapo mtu atauliza kwa nini viwango vinabadilika kila mara. Swali la mwisho: mkaguzi wa nje naye aalikwe?

Mkaguzi Mstaafu

Aalikwe kwa kipindi cha Lima, aeleze kazi yake inaishia wapi na ya bodi inaanzia wapi. Mkubaliane naye mapema, kwa maandishi, kwamba hesabu za mwaka ambao ukaguzi wake bado unaendelea hazitajadiliwa siku hiyo, na mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi apewe nakala ya makubaliano hayo kabla ya semina.