Mnaouza PDF za "maneno ya band 9" mnawaharibia watu Kiingereza na hela zao

Wakuu salaam.

Nimevumilia sana hili jambo ila leo naomba niseme, na mods mniwie radhi kama nitapaza sauti. Kuna hawa watu wanaojiita makocha wa IELTS (ule mtihani wa Kiingereza wa wanaotaka kusoma au kufanya kazi nje, madaraja yake huitwa band na la juu ni 9), wenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, wanaouza PDF za misamiati ya "band 9" na video za "acha kusema very tired, sema hivi". Mnawaumiza watu. Na mnaowaumiza sio wanaoanza, ni wale waliokwishafika mbali.

Mimi kazi yangu ni kuhariri. Napokea maandishi ya Kiingereza ya watu wa afya, wauguzi, matabibu, wanaoomba masters nje, wanaoandika ripoti za miradi, nayanyoosha kabla hayajaenda. Hawa watu sio wa kufundishwa a e i o u. Wamesoma sekondari kwa Kiingereza, chuo kwa Kiingereza, makala za kitabibu wanasoma na wanaelewa. Walichobakiza ni kitu kimoja kigumu kuliko vyote, nacho ni kuchagua neno moja sahihi kati ya manne matano yanayofanana. Na hapohapo ndipo mnapowakamata na kuwarudisha nyuma.

Ninayo PDF mojawapo hapa. Ni jedwali mwanzo mwisho, kushoto neno "la kawaida", kulia maneno "ya wasomi". Kushoto kaweka "old", kulia kaweka "elderly, aged, ancient, antique, archaic", basi kamaliza, kaenda mstari unaofuata. Sentensi ya mfano hakuna hata moja! Sasa muuguzi wa watu kapewa insha ya nani awatunze wazee, familia au serikali, kaandika vizuri tu, hoja zimenyooka, halafu insha nzima wazee anawaita "ancient people". Jamani. "Ancient" ni Misri ya Mafarao. "Antique" ni kabati au saa ya zamani inayouzwa ghali kwa sababu ya umri wake. "Archaic" ni sheria au msemo uliopitwa na wakati. "Elderly" ndiyo ingemfaa, lakini nayo ni ya binadamu, haikai kwenye meza wala nyumba. Maneno matano, makazi matano tofauti, na nyie mmeyapanga kama nyanya kwenye fungu moja.

Tena sio hilo tu. "Improve" mmemwekea "ameliorate". Sawa, zote zina kuboresha ndani yake, ila "ameliorate" hupewa kitu kilicho kibaya tayari, mateso, njaa, hali mbovu, kwamba unaipunguzia ubaya. Mtu anaandika barua ya kuomba ufadhili anasema anataka ku-ameliorate ujuzi wake, msomaji anaelewa kwamba huo ujuzi ni janga. "Increase" mmeweka "exacerbate". Hii ni kuzidisha tatizo, kuchochea ugonjwa uwe mbaya zaidi! Nimepokea personal statement ya dada mmoja, mtu makini kabisa, kaandika kwamba kufanya kazi wodini kuli-exacerbate uelewa wake wa wagonjwa. Nilikaa nikaiangalia ile sentensi nikashikwa na hasira, sio na yeye, na aliyempa hilo jedwali.

Na "cause" je. Sisi kwetu kusababisha haibagui sana, unaweza kusema mafunzo yamesababisha mafanikio na hakuna atakayeshtuka. Kiingereza hakiko hivyo. Mwaka 1995 mtaalamu mmoja wa isimu, Michael Stubbs, alipitia matumizi halisi ya "cause" kwenye hazina kubwa ya maandishi akaonyesha kwamba kinachosababishwa karibu kila mara ni kibaya, uharibifu, kifo, matatizo, wasiwasi. Ukisema elimu ime-cause furaha, sarufi yako haina kosa ila sikio la Mwingereza linakataa. Hii haimo kwenye jedwali lolote la visawe na haiwezi kuwamo, maana haiko kwenye maana ya neno, iko kwenye majirani zake.

Na hili wala sio jambo geni. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, alishaliandika mwaka 1957, kwamba neno utalijua kwa wenzake linaoandamana nao. Halliday, mwanaisimu mwingine, miaka ya 60 akaja na mfano wa chai, kwamba chai iliyokolea ni "strong tea", haiwi "powerful tea", wakati "strong" na "powerful" ukizifungua kwenye kamusi ni karibu kitu kimoja. Zaidi ya nusu karne wakuu! Na leo mtu anafungua darasa, anatoza hela, hajawahi hata kumwambia mwanafunzi kwamba maneno yana marafiki na maadui.

Mbona Kiswahili wote tunalijua hili bila kufundishwa. Mtu anafariki, mbuzi anakufa. Ukinikuta njiani ukaniambia mbuzi wako wawili wamefariki nitajua wewe ni mgeni, hata kama ngeli zako zote zimekaa sawa. Kiapo kinaliwa, rushwa inaliwa, njama zinaliwa, lakini ahadi hailiwi. Hakuna aliyekaa na jedwali kujifunza hayo, tuliyasikia yakiwa ndani ya sentensi, mara nyingi, na watu tofauti. Sasa kwanini mkifika kwenye Kiingereza mnadhani neno linaokotwa likiwa peke yake kama limeanguka barabarani?

Nije kwenye afya maana ndiko ninakoona madhara yenyewe. Neno letu kupima linabeba mzigo mkubwa. Unapima uzito, unapima malaria, daktari anakupima tumbo kwa mikono, kampeni inapima akina mama saratani ya shingo ya kizazi. Kwa Kiingereza hizo ni "weigh", "test", "examine", "screen", na huwezi kubadilishana. "Screen" ni kwa watu ambao hawana dalili, unawachuja kutafuta nani afuatiliwe zaidi. "Test" inaweza kuwa kwa mtu ambaye tayari una wasiwasi naye. Ukiandika kwenye ripoti kwamba watu 400 walikuwa "examined" wakati walitolewa damu kidoleni wakaondoka, umetoa taarifa ya uongo bila kukusudia, anayesoma ofisini kwake Geneva anadhani kila mmoja alilala kitandani akaguswa na daktari.

Hiyo PDF inakwambia "measure, assess, gauge, evaluate, appraise" zote sawa. Sawa kwa nani?

"Eradicate" ndiyo inanikera kuliko zote. Kila insha ya siku hizi kila kitu kinakuwa "eradicated". Kwenye afya ya jamii kutokomeza na kuondosha zina mipaka yake, "eradicate" ni ugonjwa umeisha dunia nzima, na kwa binadamu ni ndui peke yake, WHO walitangaza mwaka 1980. Kwa mifugo ni sotoka, 2011. Ukiumaliza ugonjwa kwenye nchi moja au ukanda mmoja hiyo ni "eliminate". Ukiushusha idadi tu hiyo ni "control" au "reduce". Sasa mtu mwenye digrii ya uuguzi anaandika kwamba hospitali yao ime-eradicate malaria kwa kugawa vyandarua, wakati wodi ya watoto imejaa homa. Alianza na "reduce", ilikuwa sahihi kabisa, akaifuta akaweka la PDF kwa sababu aliambiwa "reduce" ni neno la form two. Vivyo hivyo "incidence" na "prevalence", moja ni wagonjwa wapya ndani ya muda fulani, nyingine ni wote walio nao kwa wakati huo, wapya na wa zamani. Mimi nimeona zimewekwa kama visawe. Kwenye PDF inayouzwa kwa wauguzi!!

Sasa wakuu hebu tuongee mtihani wenyewe, maana hawa jamaa wanajificha nyuma yake. Wanasema wasahihishaji wanataka maneno magumu. Waongo. Vigezo vya kusahihisha IELTS viko wazi mtandaoni, bure. Sehemu ya kuandika ina vigezo vinne vyenye uzito sawa, msamiati ni kimoja, yaani robo. Someni maelezo ya daraja la 6, toleo la 2023, wameandika bayana kwamba mwandishi anayependa kujaribu jaribu atakuwa na maneno mengi zaidi ila na makosa mengi zaidi ya matumizi. Hapo ni 6. Ukipanda kwenye 7 ndipo wanaanza kuzungumzia kwamba mtu anaonyesha kujua mtindo na maneno yanayoandamana. Na 9 wanataka usahihi na wepesi wa kutumia maneno. Maneno yasiyo ya kila siku yanatajwa kwenye 7 na 8, ndiyo, ila wanachotaka ni yatumike ipasavyo, ugumu wa neno peke yake haukupi alama. Kwahiyo PDF mnayoiita ya band 9 ni ya kumgandisha mtu band 6, na ndivyo inavyofanya.

Na 6 ina maana gani kwa muuguzi? NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, wanataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na kwenye kuandika walilegeza mwishoni mwa 2018 ikawa 6.5. Sita na nusu. Ukipata 6 umekwama, ada imeliwa, na majibu yako yanatumika miaka miwili tu. Nina ndugu yangu, binti wa mama mdogo, yuko hapohapo. Kasikiliza 7.5, kasoma 7, kaongea 7, kaandika 6. Nilimwomba insha zake za mazoezi alizokuwa anatuma kwa huyo mwalimu wake, kila mahali alipoandika neno la kawaida na la sahihi mwalimu kaweka duara jekundu na kumwandikia abadilishe. "Many" ikawa "a plethora of". "Use" ikawa "utilize". "Show" ikawa "elucidate". Alilipia hayo maduara jamani, kwa mshahara wa zahanati ya binafsi ambao wote tunaujua ulivyo.

Msidhani ni Tanzania tu. Mwaka 2021 Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya wa Kenya, alisema hadharani kwamba katika wauguzi 300 waliopelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza walifaulu 10. Wakenya, watu wanaosoma kwa Kiingereza toka madarasa ya chini. Sisemi sababu ilikuwa msamiati, sababu zinaweza kuwa nyingi. Ninachosema ni kwamba soko la hofu lilikuwepo na watu wa PDF wamelivamia.

Halafu kuna hili la siku hizi, ukizidisha maneno mazito unaambiwa umeandikiwa na ChatGPT. Aprili 2024 Paul Graham, mwekezaji wa Marekani, aliandika kule X kwamba alitumiwa barua pepe ya mradi akaona ndani kuna "delve", na watu wakaelewa anamaanisha nini, Wanigeria wakamjia juu kwamba wao hilo neno wanalitumia toka shule. Na mimi niko upande wa Wanigeria kwenye hilo, Kiingereza cha mtu kisihukumiwe kwa neno moja. Lakini ndiyo dunia anayoingia mwanafunzi wetu, na nyie mnampeleka kule akiwa amebebeshwa "delve", "myriad", "plethora" na "multifaceted" kwenye aya moja.

Nimeona kuna mdau kauliza hapo chini, kwahiyo tusijifunze maneno mapya? Mkuu, jifunze, tena mengi. Ila angalia wenye kazi yao wanachagua yapi. Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000 alichambua maandishi ya kitaaluma ya maneno kama milioni 3.5 akatoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye fani zote. Humo utakuta "factor", "require", "significant", "approach", "data". Maneno ya kawaida kabisa! Kazi ni kuyajua mpaka chini, "significant" inaandamana na nini, kwenye takwimu ina maana gani tofauti na ya mtaani, "approach" inafuatwa na "to" au "of". Neno moja namna hiyo linakula jioni nzima na linalipa.

Na vifaa vipo, vingi bure. Kamusi za wanaojifunza, sio hizi za visawe. COBUILD iliyotoka Birmingham 1987 chini ya John Sinclair inaeleza kila neno kwa sentensi kamili, kwahiyo unaona nani anafanya nini kwa nani. Kuna hazina za matini kama COCA, ina maneno zaidi ya bilioni moja, unaandika "ameliorate" unaona mistari mia ya watu halisi walivyoitumia, dakika mbili unajua inakaa na nini. Kamusi ya visawe, hata ile ya Roget ya 1852, inamfaa mtu ambaye neno analijua ila limemponyoka kidogo. Anayekutana na neno kwa mara ya kwanza akiliokota mle ndani anaokota kitu asichokijua makali yake.

Mwalimu wa kweli angechukua sentensi ya mwanafunzi, angeuliza unamaanisha nini hasa, wapya au wote, dalili wanazo au hawana, nchi moja au dunia. Halafu wangetafuta neno pamoja. Inachukua muda, ndiyo, na haiuziki kwa PDF.

Kwahiyo wewe mwalimu wa hilo darasa, najua uko humu na umeshasoma mpaka hapa. Futa lile jedwali. Wale uliowawekea maduara mekundu kwenye "reduce", "use" na "many" warudie uwaambie walikuwa sahihi. Na huyu binti umrudishie hela ya "kusahihishiwa insha", maana insha zake zote ninazo na nimeshaziandikia maelezo mstari kwa mstari, nipo tayari kukutumia PM uone mwenyewe.

Na mdau yeyote mwenye insha aliyobadilishiwa maneno namna hii aweke sentensi hapa chini, ile ya kwanza na ile baada ya kubadilishwa. Bila jina. Nitajibu moja moja.