Naomba ushauri: namna ya kupata azimio la zamani ndani ya waraka wa Google Docs unaoandikwa na watu wengi

Katibu wa Kikundi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana chenye wanachama walioko Morogoro, Dar es Salaam na wengine wachache waliohamia Muscat kikazi. Tangu mwaka 2017 mihtasari ya vikao vyetu vyote imekuwa ikiandikwa katika waraka mmoja wa Google Docs, ambao makatibu walionitangulia, mwenyekiti na mweka hazina wote wana ruhusa ya kuuhariri. Utaratibu huu umetufaa sana, kwa sababu hata mwanachama aliye mbali husoma kilichoamuliwa jioni ileile ya kikao. Tatizo ni kwamba waraka umekuwa mrefu mno, na kila aliyeuandika ana namna yake ya kuandika.

Sasa mwanachama mwenzetu amefiwa na mama mkwe wake. Wazee wa kikundi wanakumbuka kwamba liliwahi kupitishwa azimio la kuwaingiza wakwe katika orodha ya wanaotolewa rambirambi, ila hakuna anayekumbuka mwaka wala kiwango, na katiba yetu haikurekebishwa baada ya hapo. Nikibonyeza Ctrl na F na kuandika “mama mkwe” sipati chochote kinachohusu azimio. Nikiandika “rambirambi” naletewa karibu kila ukurasa. Mweka hazina hawezi kutoa fedha bila azimio, na wafiwa hawastahili kusubirishwa kwa sababu tu kumbukumbu zetu hazipekuliki. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Mhariri wa Tafsiri

Pole kwa msiba, ndugu katibu, na utufikishie pole kwa wafiwa.

Kisanduku cha kutafutia ndani ya waraka hakijui maana ya neno. Kinalinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizopo. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maneno yetu hubadilika mwanzoni na mwishoni, na kinachobaki imara ni kiini cha katikati. Ukiandika “azimio” utakosa “kiliazimia”, “tuliazimia” na “limeazimiwa”, lakini ukiandika “azimi” peke yake utayapata yote. Vivyo hivyo “kubali” inakuletea “makubaliano”, “ilikubaliwa” na “wajumbe walikubali”, na “pitish” inakuletea “lilipitishwa” na “kupitisha”. Mimi huanza na kiini cha kitenzi, kwa sababu kila uamuzi, hata uandikwe na nani, hauna budi kuwa na kitenzi cha kuamua.

Kwa “mkwe” kuna ugumu kidogo, maana ukikata neno mpaka “kwe” utaletewa kila “kwenye”, “kweli” na “kwenda” iliyomo. Hapo tumia kompyuta, bonyeza Ctrl na H ili ufungue dirisha la kutafuta na kubadilisha, kisha weka tiki kwenye chaguo la rijeksi, yaani kutafuta kwa kufuata ruwaza ya herufi badala ya neno moja. Andika hivi: (m|wa)kwe|ukweni. Ruwaza hiyo inakusanya mkwe, mkwewe, wakwe, mamamkwe iliyoandikwa kwa kuunganishwa, na ukweni. Itabeba pia “mkweli” na “mkwezi”, ila sidhani kama mihtasari yenu ina wakwezi wengi. Nimeacha “ukwe” bila “ni” kwa makusudi, kwa kuwa ingekuletea kila “ukweli”.

Nakusihi jambo moja: dirisha hilohilo lina kitufe cha kubadilisha yote, na ukikibonyeza wakati kisanduku cha neno jipya kiko tupu, maneno yote yaliyopatikana yatafutika mbele ya macho ya kila mwanachama. Tengeneza nakala ya waraka kwanza, na upekue ndani ya nakala.

Fundi wa Ofisini

Naongeza kwenye maelezo ya Mhariri, kwa sababu yapo maandishi ambayo hata ukate neno namna gani, Ctrl na F haitayafikia.

La kwanza ni maoni ya pembeni. Kwenye vikundi vingi watu hujadiliana katika maoni, wanakubaliana hapohapo, kisha mtu anabonyeza kuwa hoja imemalizika na mazungumzo yote yanatoweka kwenye ukurasa. Hayajafutwa. Fungua kidirisha cha maoni yote, ambacho kwenye kompyuta kina alama ya kiputo cha mazungumzo, na utayakuta pamoja na yale yaliyofungwa.

La pili ni picha. Kama katibu wa zamani alipiga picha daftari lake na kuibandika ndani ya waraka, kwa utafutaji ile ni picha tu, haina neno hata moja. Faili la picha au PDF lililoko kwenye Google Drive unaweza kulifungua kwa Google Docs, nayo itajaribu kuyageuza maandishi kuwa herufi za kawaida. Kwa karatasi iliyochapwa inafanya vizuri, kwa mwandiko wa mkono usiitegemee. Pitia picha hizo kwa macho.

La tatu ni maneno yaliyofutwa. Waraka unaohaririwa na wengi hupoteza sentensi bila mtu kukusudia, kwa mfano mtu anapobandika muhtasari mpya juu ya mstari aliouchagua kwa bahati mbaya. Historia ya matoleo inafunguka kwa Ctrl, Alt, Shift na H kwa pamoja, lakini ni kwa mwenye ruhusa ya kuhariri tu. Mwenye ruhusa ya kusoma haioni. Ukifika kwenye toleo la mwaka unaoushuku, litengenezee nakala na utafute ndani ya nakala hiyo, badala ya kulirudisha na kuwavurugia wengine kazi ya sasa.

Hakikisha pia unatumia kisanduku cha Google Docs yenyewe na siyo kile cha kivinjari. Tangu mwaka 2021 Google ilianza kubadilisha namna ya kuonyesha ukurasa, ikawa maandishi yanachorwa kama mchoro, kwa hiyo “tafuta kwenye ukurasa” ya kivinjari inaweza kukujibu kuwa hakuna wakati neno liko mbele yako. Na kama kuna mtu aliyeugawa waraka kwa vichupo, yaani sehemu zinazofunguliwa moja moja ndani ya waraka uleule (tabs), jambo lililowezekana kuanzia mwaka 2024, ingia katika kila kichupo na urudie utafutaji.

Kwa ushauri wangu, baada ya msiba huu ugaweni waraka, kila mwaka uwe na faili lake. Waraka mmoja una kikomo cha herufi 1,020,000, na simu za wanachama wengi zitaanza kukwama mapema kabla hamjafika huko.

Karani wa Masjala

Ndugu katibu, wenzangu wamesema vizuri kuhusu kifaa. Mimi nitasema kuhusu mihtasari yenyewe, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Uamuzi wa kikao hauandikwi mara moja. Huandikwa kwenye ajenda yake, kisha hutajwa tena katika “Yatokanayo” ya kikao kinachofuata, na kama una fedha ndani yake huonekana kwa mara ya tatu kwenye hesabu za mweka hazina siku unapotekelezwa. Sehemu moja ikipotea, nyingine mbili zinabaki. Nakushauri uanzie mwisho. Muombe mweka hazina faili lake la malipo, na kama ni Google Sheets asitumie Ctrl na F, ambayo inatafuta kwenye karatasi iliyofunguliwa pekee. Atumie Ctrl na H na kuchagua karatasi zote. Mkipata mara ya kwanza mwanachama kulipwa kwa msiba wa mkwe, mtajua azimio lilipitishwa kabla ya tarehe hiyo, na eneo la kupekua litapungua sana. Kisha soma “Yatokanayo” na “Mengineyo” za vikao vilivyotangulia, mstari kwa mstari. “Mengineyo” usiidharau hata kidogo, maana mambo mazito ya vikundi vyetu hupitishwa humo wakati watu wamekwisha kusimama.

Tena, usifungwe na neno “mkwe”. Kwenye kikao mtu husema “wakwe”, lakini katibu anayeandika kwa uangalifu anaweza kuweka “wazazi wa mwenza”, “wazazi wa mume au mke” au “upande wa ndoa”. Jiulize ungeandikaje wewe kama ungetaka mwanasheria asikutie makosani, halafu utafute maneno hayo.

Kuhusu kuugawa waraka kwa mwaka, sikubaliani na Fundi. Ukishaugawa, utalazimika kutafuta kupitia Google Drive, na kule kipande cha katikati ya neno hakikufikishi mbali kama ndani ya waraka; itabidi uandike neno zima, kila umbo lake.

Fundi wa Ofisini

Ni kweli, Karani, ila Drive ina faida zake: inapekua mafaili yote kwa pamoja, maneno ukiyafunga kwa alama za kunukuu huyatafuta yakiwa yamefuatana hivyohivyo, na unaweza kuweka mipaka kwa kuandika, kwa mfano, after:2018-01-01 before:2021-01-01. Izingatiwe tu kuwa tarehe hizo ni za faili kuhaririwa, siyo za kikao kufanyika. Nitakubaliana nawe ikiwa kila kikao kitapewa kichwa cha habari chenye tarehe iliyoandikwa kwa mtindo mmoja, ili kionekane kwenye orodha ya pembeni.

Katibu wa Kikundi

Ndugu zangu, nawashukuru kutoka moyoni. Tumelipata.

Tulifuata njia ya Karani. Kwenye faili la mweka hazina tulikuta malipo ya mwaka 2020 kwa mwanachama aliyefiwa na baba mkwe wake. Nikarudi kwenye mihtasari iliyotangulia nikiwa na “kubali” badala ya “mkwe”, na katika “Yatokanayo” ya kikao kimoja cha mwaka 2019 nikasoma hivi: “Wajumbe walikubali kuwa wazazi wa pande zote mbili za ndoa watambuliwe, na kiwango kiwe kilekile cha mzazi.” Neno “mkwe” halimo kabisa. Kikao kilichopitisha jambo lenyewe kiko juu yake kidogo, nacho ni picha ya ukurasa wa daftari, kama Fundi alivyohisi.

Swali langu la mwisho ni hili: je, mstari wa “Yatokanayo” unatosha kumruhusu mweka hazina alipe, au ni lazima nilipate daftari halisi? Katibu wa wakati huo bado ni mwanachama, ila yuko safarini.

Karani wa Masjala

Unatosha, mradi muhtasari huo wa 2019 ulithibitishwa na kikao kilichofuata, jambo ambalo utalikuta mwanzoni kabisa mwa muhtasari wa kikao hicho. Andika kwenye hati ya malipo tarehe ya kikao na namba ya ajenda, ambatisha picha ya daftari, na mwenyekiti asaini. Daftari lenyewe muombeni katibu wa zamani alilete atakaporudi, mlichape ndani ya waraka chini ya picha yake, na safari hii muandike “wakwe” pamoja na “wazazi wa pande zote mbili”, ili atakayetafuta kwa neno lolote kati ya hayo alipate. Malipo yasisubiri hilo.